Nilipoambiwa Niwaangalie Watoto wa Waridi

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba kwa wote, nyie mnaouza miche kando ya barabara huku Mshangano. Sasa wekeni chini hizo ndoo za kumwagilia mnisikilize, maana tangu Jumanne ya wiki iliyopita sijakaa sawa. Nimeshtuka. Mtu wa umri wangu akishtuka hatulii haraka, na nisipolitoa hili moyoni nitaugua bure.

Jumanne hiyo Neema alinitumia bodaboda nikaone kitalu chake. Neema mnamjua, ndiye mwenye viriba vya miche vingi kuliko nyote na kicheko kinachosikika ng'ambo ya barabara. Mwaka jana aliagiza kutoka Iringa miwaridi ishirini iliyobebeshwa, yaani ile ambayo chini ina shina na mizizi ya waridi pori, halafu juu imepachikwa waridi ya bustani. Mwalimu mmoja mgeni hapa mjini, aliyejenga Mfaranyaki, alikuwa amemwahidi kuichukua yote ishirini ikishachanua nyekundu, apambe uwanja kwa harusi ya binti yake. Kwa Neema hiyo ndiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Nilipofika akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya banda, akasema, "Bibi, angalia watoto."

Nikaangalia. Chini kabisa ya kila shina yalikuwa yametoka machipukizi manene kama kidole gumba, kijani kibichi, yamesimama wima na yana afya tele. Matawi ya zamani, yale ya juu, yalikuwa yamekatwa yote. Nikajikuta nimekaa juu ya gunia la samadi. Neema akadhani ni jua, akakimbia kuniletea maji.

Nilipopata pumzi nilimuuliza swali moja, naye akanijibu. Jibu lake nitawaambia, lakini nikilisema sasa hivi hamtalielewa. Kwanza lazima mjue mkono wangu mwenyewe ulifanya nini, miaka thelathini na ushee iliyopita, katika bustani ya nyumba ya wageni ya serikali hapa Songea.

Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyozoea kuwa na chumvi na viberiti tu yalianza kujaa vitu, mitumba ikamwagwa sokoni, na kila mwezi tukasikia kiwanda hiki kimeuzwa, shirika lile limefungwa. Mimi niliajiriwa pale kama mfagiaji. Baba yangu alikuwa mtu wa Umatengo, na sisi tumekulia kwenye kahawa na migomba. Kwetu mgomba ukishazaa, mama anakatwa na mtoto mwenye nguvu anaachwa achukue nafasi. Mkahawa ukizeeka unakatwa shina, halafu unalea machipukizi yanayotoka chini. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma, na nawaambia mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Mtunza bustani mkuu alikuwa Mzee Titus. Mrefu, kaptula ya kaki, koti la mvua miezi yote kumi na miwili hata kiangazi kikiwa kikali. Alikuwa mchoyo wa maneno sijapata kuona. Pale ambapo wewe na mimi tungetumia maneno kumi, yeye alitumia moja, na hilo moja alilitamka kama anakukopesha. Alinitoa kwenye ufagio akanipa maua ya msimu, yale tunayopanda kwa mbegu mvua ikianza mwishoni mwa Novemba na kuyang'oa Mei yakishakauka. Miwaridi hakuniruhusu kuigusa. Ilikuwa kumi na miwili mbele ya ofisi, nyekundu iliyoiva, harufu yake inakupokea getini. Aliihudumia peke yake, nami nilijifunza kwa kuchungulia.

Basi mengi ninayowafundisha leo niliyapata kwa kuchungulia. Kwamba waridi inamwagiliwa asubuhi, chini kwenye shina, maana majani yakilala na maji yanaota madoa meusi. Kwamba inapogolewa Juni, baridi ikikaza, na unakata juu kidogo ya jicho la chipukizi linalotazama nje, mshazari, ili tawi jipya lisirudi ndani kusongana na wenzake. Kwamba kipandikizi unakikata mvua ikishakolea, tawi la unene wa penseli lililokwisha kuchanua, macho mawili ardhini na mawili juu, kivulini, na usikivutevute kila siku kuona kama kimeota mizizi. Najua mnavuta. Hata mimi nilivuta.

Mzee Titus alinisemesha kuhusu miwaridi mara moja tu, vidukari, wale wadudu wadogo wafyonza majani, walipoivamia. Dawa yetu ilikuwa maji ya tumbaku, na tumbaku hapa Ruvuma haijawahi kuwa shida. Akaniagiza niiloweke. Nikamuuliza kiasi gani, akanyoosha mkono. Mimi nikaelewa ule mkono ni wa kunionyesha ndoo iliyokuwa nyuma yangu, nikajaza ndoo nzima, nikapulizia nikiwa upande upepo unakoelekea. Vidukari walikufa wote. Mimi nilitapika mpaka adhuhuri. Alininywesha maziwa, akanyoosha mkono ule ule mbele ya macho yangu na kusema, "Kiganja." Ningekuwa na akili ningejua siku ile kwamba mimi na mzee huyu maneno yake machache yatakuja kutukosesha.

Halafu yakaja maua ya plastiki. Nyie mmezaliwa mmeyakuta, hamwezi kujua yalivyotushtua. Meneja wetu, Bwana Rajabu, mtu wa Tanga, mpole na mcheshi, aliyaona kwenye duka jipya karibu na soko akanunua mawaridi mekundu ya kujaza meza zote za chumba cha kulia. Asubuhi Mzee Titus akaingia na ndoo ya maua mabichi kama kawaida yake. Akasimama. Akainama akanusa ua la meza ya kwanza, akanusa la meza ya pili.

"Mzee Titus, haya hayanyauki, wallahi," Bwana Rajabu akasema. "Unayapangusa vumbi tu, yamekwisha."

"Hayanuki," akajibu Mzee Titus.

Kesho yake Bwana Rajabu aliyanyunyizia manukato yake mwenyewe, na wali wa mchana ule ukaliwa ukinukia kama bwana harusi. Tulicheka sana jikoni. Mzee Titus hakucheka, wala hakuingia tena chumba kile.

Mwezi huo huo Bwana Rajabu alituita. Alisema tajiri kutoka Dar es Salaam anakuja mwezi wa sita kuikagua nyumba, inshallah ataichukua, na wafanyakazi watapunguzwa. Watunza bustani wawili watabaki mmoja. "Bustani yenyewe itamtetea mtu," akasema, akimtazama Mzee Titus. Sote tulijua anayebaki ni nani. Ile miwaridi kumi na miwili ndiyo iliyokuwa cheti chake, hakuwa na kingine, na alibakiza miaka michache tu kufika kustaafu kwa heshima. Mimi nilianza kuaga moyoni. Nilikuwa na mtoto mchanga na mume aliyekwenda machimboni asirudi, lakini sikumwonea wivu mzee. Ilikuwa haki yake.

Januari akapata habari kwamba kaka yake anaumwa sana kijijini, akaomba likizo. Nilimsindikiza stendi nimembebea kikapu. Mvua ilikuwa inanyesha, basi limeshaanza kunguruma, yeye ameshakaa dirishani na koti lake. Akatoa kichwa nje.

"Skola. Watoto wa waridi uwaangalie."

"Nitawaangalia, Mzee," nikajibu, na basi likaondoka.

Furaha niliyorudi nayo siku ile sitaisahau. Hatimaye nimekabidhiwa waridi. Nikaenda moja kwa moja mbele ya ofisi, nikachuchumaa, na kweli, nikawaona watoto. Wametoka chini ya mashina, wembamba bado lakini wana nguvu, majani yanang'aa. Na mama zao juu walikuwa na madoa meusi ya mvua, wamechoka, majani yanapukutika. Kwa mtu wa migomba hapo hapakuwa na cha kuuliza. Nimeambiwa niangalie watoto, nikawaangalia. Nikawapa samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikawatandazia nyasi, nikawafungia vijiti wasivunjwe na upepo. Februari, walipofika kiunoni, nikachukua mkasi na kuwakata mama wote kumi na wawili ili wasiwanyonye. Nilikata mshazari kama nilivyochungulia, ila chini kabisa kwenye ardhi. Ilikuwa kazi safi sana.

Aliyeshtuka wa kwanza alikuwa Mama Ditrika, muumini wa parokia aliyekuwa akija kila mara kuomba petali za wasichana kumwaga njiani kwenye maandamano ya Ekaristi. Mzee Titus alikuwa akimfukuza, naye akirudi kwa mlango wa nyuma. "Mbona bustani umeinyoa?" akaniuliza. Nikamwambia asubiri aone.

Mvua ilikata barabara, kaka yake akafa, matanga yakachukua muda, na Mzee Titus akarudi Mei. Nilimpokea getini nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alikuwa ameshaona. Mbele ya ofisi palikuwa na vichaka kumi na viwili virefu kuliko mimi, miba mitupu, bila ua hata moja. Akakivuta kikonyo kimoja cha jani akaanza kuhesabu vijani vyake.

"Saba," akasema. Akaenda kichaka cha pili. "Saba." Cha tatu, "Saba."

Kisha akapiga magoti, akafukua udongo kwa vidole mpaka ikaonekana nundu kwenye shina, pale waridi ya bustani ilipokuwa imepachikwa. Watoto wangu wote walikuwa wametoka chini ya nundu ile. Hawakuwa watoto wa waridi nyekundu hata kidogo. Walikuwa wa lile shina pori la chini, ambalo jani lake lina vijani saba na si vitano, nami nilikuwa nimewanenepesha na kuwachinjia wenye nyumba.

"Nilisema uwaangalie," akasema.

"Nimewaangalia, Mzee."

Alinigeukia. Nikaona neno linamfikia taratibu. Yeye alimaanisha niwe macho nao, nikimwona mmoja nimng'oe. Mimi nilielewa niwatunze. Neno ni hilo hilo moja, na mtu mchoyo wa maneno alikuwa hajaongeza la pili. Akakaa chini kwenye ukingo wa matofali. Sikuwahi kumwona amekaa saa za kazi.

Tajiri alikuja Juni. Alipita mbele ya ofisi, akaona vichaka vya miba na vijiua vyeupe viwili vitatu visivyozidi kifungo cha shati, akasema, "Hiki kichaka nacho kinauzwa?" Watu wakacheka kidogo. Alipoondoka, Bwana Rajabu alituita ofisini sote wawili, uso umemvimba kwa aibu.

"Nani ameikata ile miwaridi?"

Nilifungua mdomo, lakini Mzee Titus alitangulia. "Mimi nilimwambia awalee."

"Wewe? Fundi mzima, umwambie awalee?"

"Mimi."

Mnasikia wanangu? Alisema awalee. Stendi alikuwa amesema niwaangalie. Angesema mbele ya meneja lile neno la kweli, kosa lingegawanyika, au lingebaki kwangu niliyekata bila kuuliza. Alibadilisha neno moja tu, kosa lote likawa lake. Na mimi nililisikia, nikajua linamaanisha nini, nikamfikiria mtoto wangu mchanga, nikafunga mdomo. Nasikia aibu kuwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa kwenye mlango wa stoo. Jina la Titus lilikuwa la kwanza. Langu halikuwemo. Nilisoma mara tatu, kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji nikajificha Mzee asinione. Siku ile ile alikusanya koti lake na kisu chake, akaondoka kwa miguu kurudi kwake huku huku Mshangano.

Nilidhani sitamwona tena. Mvua zilipokolea, Januari iliyofuata, nikamkuta asubuhi amechuchumaa mbele ya ofisi. Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Mkononi alikuwa na tawi limefungwa kwa jani bichi la mgomba. Akalifungua, na ncha yake ilikuwa na ua jekundu, lile lile, harufu ile ile.

"Umelipata wapi, Mzee?"

"Ditrika," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Yule mama wa petali, miaka yote aliyokuwa akifukuzwa, kumbe siku moja aliiba na tawi, akalichomeka uani kwake Mfaranyaki likaota. Wizi wake ndio ulioturudishia waridi.

Siku hiyo alinifundisha kubebesha. Unachagua shina pori lenye unene wa penseli, karibu na ardhi. Unalichana ganda mkato mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, unalinyanyua taratibu kwa mgongo wa kisu, na likigoma ujue mti una kiu, mwagilia urudi wiki ijayo. Unachonga jicho kutoka tawi jema pamoja na kipande chembamba cha ganda, unaliteleza ndani, unazungushia utepe wa mfuko wa nailoni juu na chini, jicho lenyewe unaliacha linachungulia. Baada ya wiki tatu likibaki kijani limeshika. Jicho likishachipua vizuri ndipo unakata pori lote la juu. Na tangu hapo kila kinachochomoza chini ya nundu unakishika kwa vidole na kukinyofoa kutoka kwenye mzizi wake. Usikikate na mkasi, kitarudi na ndugu zake.

Tulipofika kichaka cha tano nikashindwa kuvumilia. Nilikuwa nimeshika utepe, yeye ameshika jicho. "Mzee," nikasema, "siku ile ofisini..."

"Funga," akasema. "Jicho linakauka."

Nikafunga. Mpaka leo sijui alimaanisha utepe au mazungumzo. Kati ya vichaka kumi na viwili, tisa vilishika, na mwaka ule nyumba ya yule tajiri ilinukia tena waridi kuanzia getini. Mimi ndiye niliyesifiwa. Mzee Titus alifariki miaka michache baadaye, na lile neno la kumwomba radhi sikuwahi kumwambia.

Sasa rudini na mimi nyuma ya banda la Neema. Pale juu ya gunia la samadi nilimuuliza, "Nani alikwambia uwakate mama na kulea hawa?"

Akashangaa. "Si wewe, Bibi? Ulinipigia simu mwezi wa pili, ulipokuwa kwa mwanao Njombe. Ulisema watoto wa waridi niwaangalie."

Ni kweli nilisema. Neno kwa neno. Nilikuwa na haraka, salio linaisha, nikatoa neno moja na kukata simu. Miaka yote nimebeba neno lile kifuani kama jiwe, na siku lilipohitajika kusemwa vizuri nikalitoa vile vile lilivyo. Nilitamani kujificha.

Jumamosi yule mwalimu alikuja kuangalia miti yake. Nami nilikuwepo, nimejiandaa. Akazunguka, akagusa miba, akakunja uso. "Nani ameikata hii?"

"Mimi nilimwambia awalee," nikasema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi usiku na mchana, na lilipotoka nilihisi mzee amesimama nyuma yangu.

"Hapana, Mwalimu," Neema akasema. "Bibi alisema niwaangalie. Mimi sikuuliza maana yake, nikakata."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kama anamtajia mtu saa. Nilimgeukia nikashindwa kufunga mdomo. Maneno ambayo mimi niliyameza ofisini, nikashinda nayo mpaka nimekuwa bibi, binti huyu ameyatoa kabla sijamaliza kupumua. Na hakuna kilichomwangukia. Mwalimu alitutazama sote wawili, akasema harusi ni Agosti na hawezi kungoja, atapamba na maua ya plastiki. Akaaga kwa adabu, akaondoka. Neema alilia kidogo kwa kazi iliyopotea, nami nikalia zaidi yake, lakini mimi nilikuwa namlilia mtu mwingine.

Kwa hiyo hii ndiyo habari niliyowaitia. Uani kwangu kuna mwaridi mwekundu uliotokana na tawi lile la wizi. Mvua zikikolea nataka wote mje kwa Neema na visu vilivyonolewa, mashina yake ishirini ya pori yanatosha kila mmoja kujifunza kubebesha. Nitawaelekeza, na nitasema maneno mengi kuliko Mzee Titus. Lakini mimi ni mwanafunzi wake, ubahili wa maneno nimeurithi. Basi mkinisikia nimesema muangalie kitu, msiitikie haraka kama nilivyoitikia mimi pale stendi. Niulizeni kwanza: "Bibi, tuwaangalie kwa maji au kwa kisu?"